Somo la 14: Kuchagua Kompyuta Mpakato

Bila shaka umewahi kufuatana na mzazi wako kwenda mnadani kununua jembe. Hakuchukua jembe la kwanza aliloliona. Alilishika mkononi, akapima uzito wake, akaligonga ili asikie mlio wake, kisha ndipo alipouliza bei. Alifanya hivyo kwa sababu jembe bovu hupinda katika udongo mgumu, na fedha iliyokwisha kulipwa ni vigumu kuirudisha.

Katika somo hili utajifunza kuchagua chombo kingine cha kazi, nacho ni kompyuta mpakato. Hii ni kompyuta ndogo inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu, nayo huweza kuwekwa mapajani. Watu wengi huiita laptopu.

Mkutano wa Kamati ya Shule

Tinde ni mji mdogo katika Wilaya ya Shinyanga. Hapo hukutana barabara ya kutoka Nzega, ya kwenda Shinyanga na Mwanza, na ya kwenda Isaka na Kahama. Tuseme kwamba shule moja ya msingi karibu na Tinde haina kompyuta hata moja. Wazazi wamechanga fedha baada ya kuuza mpunga na dengu. Zimepatikana shilingi 600,000, wala hazitapatikana nyingine kabla ya mavuno ya mwaka ujao. Kompyuta hiyo itatumiwa kuandika mitihani, kutunza orodha ya wanafunzi, na kuonyesha picha za masomo. Umeme wa shule hukatika mara kwa mara.

Kamati ya Shule imekutana. Mzee mmoja anasema, "Mwalimu Mkuu, tununue HP. Mwanangu aliyeko Kahama anayo, wala haijamsumbua." Mama mmoja anajibu, "Samahani mzee wangu, mimi nimesikia kwamba Dell ndiyo imara." Mjumbe wa tatu anataka Lenovo.

Je, nani anasema kweli? Huenda wote wanasema kweli. Lakini kila mmoja amezungumzia kompyuta moja aliyoisikia au kuiona. Hakuna aliyesema neno lolote juu ya kompyuta itakayonunuliwa.

Jina Lililo Juu ya Kifuniko

Jina lililoandikwa juu ya kifuniko hutuambia ni kampuni gani inayouza kompyuta hiyo. HP ilianzishwa mwaka 1939 huko California, Marekani. Dell ilianzishwa mwaka 1984 huko Texas, Marekani. Lenovo ilianzishwa mwaka 1984 mjini Beijing, China, na mwaka 2005 ilinunua kazi ya kompyuta ndogo kutoka kampuni ya IBM. Acer na Asus ni kampuni za Taiwan. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1976, na ya pili mwaka 1989.

Sasa tazama jambo la ajabu. Kompyuta nyingi za kampuni hizi zina majina tofauti nje, lakini ndani zina vichakato vya kampuni mbili tu, yaani Intel na AMD. Tena, kampuni za Taiwan kama Quanta na Compal huunda kompyuta kwa ajili ya kampuni mbalimbali, na kila mwenye mali huweka jina lake.

Jambo la pili ni kwamba kampuni moja huuza kompyuta za namna nyingi. Lenovo huuza ThinkPad, ambazo zilikusudiwa hasa kwa kazi za ofisi, na pia IdeaPad kwa matumizi ya nyumbani. Dell imeuza Latitude kwa ofisi na Inspiron kwa nyumbani. Kwa hiyo mtu akisema "Dell ni nzuri" hajasema mengi. Ni kama kusema "ng'ombe ni mzuri" bila kueleza kama ni wa maziwa au wa kukokota plau.

Wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Kahama wanalifahamu vema jambo hili. Kuna jiwe la manjano liitwalo pairaiti ambalo hung'aa kama dhahabu. Macho huweza kudanganyika, lakini mizani haidanganyiki. Kipande cha dhahabu chenye sentimeta 1 ya ujazo kina uzito wa gramu 19 hivi. Kipande cha pairaiti cha ukubwa huo huo kina uzito wa gramu 5 hivi. Mnunuzi mwenye busara hanunui mng'ao; hupima kwanza. Nasi tutaipima kompyuta.

Sehemu Nne za Kupima

1. Kichakato. Mafundi huiita prosesa. Hii ndiyo sehemu inayofanya hesabu na kutimiza amri zote. Kichakato cha zamani sana huenda polepole, na tena huweza kukataliwa na programu mpya. Kwa mfano, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya programu yake ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyoifuata haikubali rasmi vichakato vingi vya zamani. Kompyuta ya namna hiyo huweza kuendelea na kazi kwa kutumia programu ya Linux, ambayo aina zake nyingi hutolewa bure.

2. Kumbukumbu ya muda. Mafundi huiita RAM. Ifikirie kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, huwezi kufungua vitabu vingi kwa pamoja. Umeme ukizimwa, yote yaliyokuwa juu ya meza hii hupotea.

3. Diski. Hii ni ghala. Humo hutunzwa barua, mitihani na picha hata kompyuta ikizimwa. Kuna diski yenye sahani inayozunguka, nayo huitwa HDD. Hii huweza kuharibika ikitikiswa au kuangushwa wakati inazunguka. Kuna pia diski isiyo na kitu chochote kinachozunguka, nayo huitwa SSD. Hii hufanya kazi haraka zaidi, na huvumilia zaidi mitikisiko ya safari.

4. Betri. Hii hutunza nguvu za umeme. Umeme wa ukutani nchini Tanzania una volti 230, tena ni wa mkondo geu. Chaja huupunguza hadi volti 20 hivi na kuugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu, ili betri iweze kuupokea.

RAM na diski hupimwa kwa baiti. Baiti moja hutosha kutunza herufi moja kama A au B. Kilobaiti 1 ni baiti 1,000 hivi. Megabaiti 1 ni baiti milioni 1 hivi. Gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1 hivi. Kama picha moja ina megabaiti 4, diski tupu ya gigabaiti 256 huweza kutunza picha 64,000 hivi.

Jaribio: Betri Itadumu kwa Muda Gani?

Vifaa: Kompyuta mpakato, chaja yake, saa na kalamu.

Njia:
(a) Mwombe mwalimu ajaze betri mpaka kioo kionyeshe asilimia 100.
(b) Chomoa chaja. Andika saa uliyoanza.
(c) Andika barua au tazama picha kwa dakika 30. Usiizime kompyuta.
(d) Soma asilimia iliyobaki, kisha uiandike.

Matokeo: Tuseme imebaki asilimia 75. Basi asilimia 25 zimetumika katika dakika 30. Asilimia 100 zitatumika katika dakika 30 × 4, yaani dakika 120. Betri hiyo itadumu kwa saa 2 hivi.

Jaribu pia kwa hesabu. Nguvu iliyomo katika betri huandikwa juu yake kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 40 ikiendesha kompyuta inayotumia wati 10, itadumu kwa saa 40 ÷ 10, yaani saa 4. Lakini betri huchoka kadiri inavyotumika. Ndiyo maana maandishi pekee hayatoshi, na yafaa kupima.

Hadhari: Usifungue wala kutoboa betri. Betri za kompyuta hizi zina madini ya lithi, nazo huweza kushika moto.

Kukagua Kabla ya Kulipa

Mnunuzi mwangalifu hufanya mambo haya dukani:

1. Huwasha kompyuta mwenyewe, na kuona inachukua muda gani kuwa tayari.
2. Hubonyeza kila herufi ya kibodi, moja baada ya nyingine.
3. Hutazama kioo cheupe kizima ili aone kama kuna doa au mstari.
4. Husoma ndani ya kompyuta ukubwa wa RAM na diski, badala ya kuamini karatasi iliyobandikwa nje.
5. Husikiliza feni na kugusa upande wa chini. Vumbi la kiangazi huziba matundu ya hewa, na kompyuta isiyopata hewa hupata joto kupita kiasi.
6. Huuliza kama vipuri na mafundi wanapatikana karibu, kwa mfano mjini Shinyanga au Kahama.
7. Hudai risiti na dhamana ya maandishi.

Kamati Inalinganisha

Mwalimu Mkuu ameandika ubaoni kompyuta tatu alizozikagua. Ameficha majina yake kwa makusudi, akaziita A, B na C. Bei zake ni za mfano tu.

A: Mpya. Bei shilingi 600,000. RAM gigabaiti 4. Diski gigabaiti 64. Betri hudumu saa 6. Dhamana mwaka 1.

B: Imekwisha tumika ofisini. Bei shilingi 480,000. RAM gigabaiti 8. SSD gigabaiti 256. Betri hudumu saa 1. Dhamana mwezi 1. Betri mpya ya saa 4 huuzwa shilingi 90,000.

C: Imekwisha tumika. Bei shilingi 400,000. RAM gigabaiti 8. HDD gigabaiti 500. Betri hudumu saa 2. Kichakato chake hakikubaliwi na Windows 11.

Wajumbe wanatazama ubao kimya. Sasa hakuna anayetaja jina. Mzee anauliza, "Hii A ni mpya, ina kasoro gani?" Mwalimu Mkuu anaeleza kwamba Windows 11 huhitaji RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 kwa uchache kabisa. Kompyuta A imefikia hapo na kukoma. Ghala lake litajaa upesi, na meza yake ni ndogo. C ina ghala kubwa, lakini ina sahani inayozunguka, na kichakato chake ni cha zamani. B ina betri mbovu, lakini betri hubadilishwa.

Mama aliyeitetea Dell anapiga hesabu: 480,000 + 90,000 = 570,000. Zinabaki shilingi 30,000 za kununua mfuko wa kuikinga kompyuta na vumbi, pamoja na flashi ya kutunza nakala za mitihani. Kamati inakubali kununua B. Lakini kabla ya kulipa, wanamtuma Mwalimu Mkuu kuhakikisha kwamba betri hiyo mpya ipo dukani, na kwamba inaingia katika kompyuta hiyo. Maana dhamana ya B ni mwezi mmoja tu, na hilo nalo ni jambo la kuogopwa.

Karatasi iliyofunika majina inapoondolewa, B inaonekana kuwa ni Lenovo. Mjumbe wa tatu anacheka kwa furaha. Mwalimu Mkuu anamwambia, "Ndugu yangu, hatukuichagua kwa jina lake. Kama Lenovo ndiyo ingekuwa C, tungeiacha."

Kompyuta Nchini Mwetu

Nchi nzima huweza pia kujifunza kuchagua. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa iliyohitaji wataalamu na fedha nyingi. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kugharimu fedha nyingi kuliko faida zilizoleta. Zuio hilo liliondolewa baadaye. Leo kompyuta huuzwa katika miji mingi. Lakini fundisho halijabadilika: chombo huchaguliwa kwa kazi yake, kwa uwezo wa kukitunza, na kwa fedha zilizopo.

Mambo ya Kukumbuka

Taja kazi kwanza. Tazama kichakato, RAM, diski na betri. Pima mwenyewe. Uliza juu ya fundi na dhamana. Jina la kampuni liwe jambo la mwisho.

Maswali

1. Kwa nini wajumbe watatu wa kamati wangeweza wote kusema kweli, na bado wasijue kompyuta ya kununua?
2. Eleza tofauti kati ya RAM na diski kwa kutumia mfano wa meza na ghala.
3. Betri imeshuka kutoka asilimia 100 hadi asilimia 80 katika dakika 30. Itadumu kwa saa ngapi?
4. Picha moja ina megabaiti 2. Diski tupu ya gigabaiti 64 itatunza picha ngapi hivi?
5. Tuseme duka halina betri mpya ya kompyuta B. Je, ungeishauri kamati inunue ipi? Toa sababu mbili.

Kazi ya Kufanya

Nyumbani kwenu, mwulize mzazi au mlezi wako juu ya kifaa kimoja alichonunua, kama vile redio, simu au baiskeli. Alikikagua namna gani kabla ya kulipa? Andika mambo matatu, kisha uwasomee wenzako darasani.