Mafaili yako, diski yako: vidokezo kwa wasiotaka kuitegemea Drive peke yake

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Aliyekuwa na picha zake zote mtandaoni alibaki anatazama kiduara kikizunguka. Rufiji na Kibiti kulikuwa na makubwa kuliko hayo: mafuriko ya Aprili yalishameza nyumba na mashamba, na kimbunga Hidaya kilikuwa kimetua Mafia Mei 4. Kwa mkazi wa Ngorongo huko Rufiji anayeuliza aweke wapi vyeti vyake, "weka mtandaoni" si jibu kamili, na "weka kabatini" ndiyo kabisa. Tufanye hivi.

1. Ulizia kwanza akaunti ni ya nani

Simu mpya inafunguliwa Gmail palepale dukani, na nywila anaibuni kijana wa duka. Siku simu ikiibiwa, picha za miaka zinabaki ndani ya akaunti ambayo hata mwenyewe hawezi kuingia. Google hutoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Tangu 2024 nakala za WhatsApp za Androidi nazo zinahesabiwa humohumo. Tangu Desemba 2023, akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Badilisha nywila leo, kisha tumia Google Takeout kupakua vilivyo vyako. Tafuta Wi-Fi ya mwenzako mkarimu, maana kwa bando utalia.

2. Usiokoe kila kitu

Vichekesho vya magrupu viache viende na maji. Okoa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya hakimiliki ya kimila, muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokugawia shamba, daftari la VICOBA, picha za marehemu. Karatasi ipige picha mchana, kivulini, simu ikiwa juu yake sawasawa. Ukitumia mwanga wa simu usiku, doa jeupe litakaa juu ya saini au muhuri, yaani pale penye thamani. Halafu lipe faili jina la maana: "vicoba-2025-03" utalipata, "IMG" yenye tarakimu kumi na tano hutalipata.

3. Nunua diski kabla ya mitambo

Diski ya nje ya TB 1 kutoka kwa muuzaji mwenye risiti inatosha familia nyingi. Ogopa flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya nauli ya Ikwiriri. Nyingi ni za GB chache zilizofundishwa kudanganya: zinapokea mafaili kwa furaha, ukiyafungua kesho ni matupu. Zijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo hujaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Jambo dogo la kukumbuka: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo video ya harusi itagoma. Fomati kwa exFAT, ukiwa umeshahamisha vilivyokuwamo.

4. Syncthing: simu na kompyuta ziongee zenyewe

Kama utajaribu kitu kimoja tu katika orodha hii, iwe hiki. Syncthing ni programu ya bure, ipo tangu 2013, na kazi yake ni kuhakikisha folda moja inafanana kwenye vifaa viwili au zaidi, bila kuliweka faili kwa kampuni yoyote. Vifaa vikiwa kwenye hotspoti moja, mafaili yanapita hata kama laini haina bando. Vikiwa mbali, yanapita kwenye intaneti yakiwa yamefumbwa njia nzima. Mwalimu anaweza kuunganisha simu yake na laptopu ya ofisini. Katibu wa kikundi anaunganisha yake na ya mweka hazina. Hata simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa kukaa kwenye chaji kama ghala la tatu.

Kwa Androidi, programu rasmi ilisitishwa Desemba 2024. Wengi sasa wanatumia Syncthing-Fork. Na tahadhari yenyewe ni hii: ukifuta picha huku, kule nako inafutika. Washa sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, upande wa kompyuta, la sivyo mtoto mmoja mwenye vidole vyepesi atawamalizia wote.

5. Ukitaka Drive yako mwenyewe

Nextcloud ilianzishwa 2016 na Frank Karlitschek, Mjerumani aliyekuwa ameanza na ownCloud mwaka 2010. Inakupa folda, kalenda na namba za simu kwenye mashine yako. Kwa picha peke yake wengi wanapenda Immich. Zote zinakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi.

Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua. Tuseme mashine na diski yake vinakula wati 8: kwa siku nzima ni wati-saa 192. Betri ya volti 12 na Ah 18 ikijaa ina wati-saa 216, na betri ya sola haifai kukaushwa. Washa saa 12 jioni, zima saa 4 usiku, unatumia 32 tu. Zima kwa amri, usichomoe waya; umeme ukikatika ghafla kadi ya memori ndiyo hufa kwanza. Kuifikia mashine ukiwa safarini kuna kikwazo, kwa sababu laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya mtandaoni ya peke yako. Programu ya Tailscale inasaidia hapo. Kwa maoni yangu, shule au ofisi ya kata inaufaidi mzigo huu. Kwa mtu mmoja ni mazoezi ya uvumilivu.

6. Nakala moja ivuke mto

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni hii: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mahali pengine. Mrufiji hana haja ya kufundishwa. Tangu Operesheni Rufiji iwapandishe watu nchi ya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, familia nyingi zimekuwa na nyumba kijijini na dungu bondeni, kwa kuwa hakuna anayeweka maisha yake yote mahali pamoja karibu na mto huu. Nakala ya mbali ipeleke Utete, Kibiti, au kwa shangazi Mbagala. Haihitaji intaneti: diski inapanda basi.

7. Funga kabla ya kuipa mtu

Diski inayosafiri ifumbe kwa VeraCrypt. Ukipenda kubaki na Drive, Cryptomator hufumba mafaili kabla hayajapanda. Kumbuka tu kwamba nywila ikipotea hakuna huduma kwa wateja. Iandike, umpe mtu mmoja unayemwamini. Katibu mwenye nakala za NIDA za wanakikundi awe makini zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023.

8. Delta ina chumvi

Walio Salale, Mbwera na Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, waweke diski kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

9. Jaribu kurudisha

Chukua kompyuta isiyo yako (yenye VeraCrypt kama diski uliifumba), chomeka diski, ufungue cheti kimoja na video moja mpaka mwisho. Visipofunguka, huna nakala. Fanya hivyo kabla ya masika. Na kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, nunua diski; Raspberry Pi itasubiri malipo ya ufuta.