Kabla ya Kulipia Kozi ya Uhazili

Mafunzo ya uhazili na kazi za ofisi ni huduma inayouzwa kama huduma nyingine, na mlaji anayeilipia ana haki ya kujua atakachopata. Ada iliyolipwa kwa chuo kisichosajiliwa ni vigumu kurejeshwa, na cheti chake huweza kukataliwa siku ya usaili. Kwa hiyo tunakushauri uchunguze mambo manne kabla ya kulipa.

Kwanza, thibitisha usajili. Nchini Tanzania, vyuo vya ufundi na ufundi stadi husajiliwa na baraza la NACTVET. Omba namba ya usajili ya chuo, kisha uihakiki kwa baraza lenyewe. Uliza pia iwapo kozi unayoitaka imeidhinishwa, kwa kuwa chuo chaweza kuwa kimeidhinishiwa fani nyingine tu.

Pili, soma tangazo la kazi kabla ya tangazo la chuo. Matangazo ya nafasi za makatibu mahsusi serikalini yamekuwa yakidai hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 au 100 kwa dakika, pamoja na programu za kompyuta. Kozi ya kompyuta isiyo na hatimkato haitakufikisha huko, hata iwe na jina zuri.

Tatu, uliza kuhusu mazoezi. Mhitimu hana budi kuweza kuandika barua rasmi yenye kumbukumbu namba, kuandika dokezo, kuandaa muhtasari wa kikao, na kufungua na kufuatilia majalada ya masjala. Afundishwe pia kutunza siri, kwani majalada hubeba taarifa za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kasi ya kupiga chapa waweza kuipima mwenyewe. Piga chapa kwa dakika 5, hesabu maneno yaliyo sahihi, kisha ugawanye kwa 5: maneno 150 ni kasi ya maneno 30 kwa dakika. Rudia kipimo hicho kila mwezi. Kasi isipopanda, mwulize mkufunzi sababu.

Nne, dai kwa maandishi mchanganuo wa ada na masharti ya kurejeshewa fedha, na kila ulipapo, pokea stakabadhi na uitunze. Chuo kikikataa kukupa maandishi hayo, usilipe.