UKUTA ULIO HAI: SOMO JUU YA MINYAA YETU

Mji wetu wa Bariadi unakua. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao makuu yake, viwanja vingi vimepimwa, na mwenye kujenga nyumba ya kisasa hupenda kumaliza kazi kwa ukuta wa matofali ya saruji. Kabla ukuta haujaanza, minyaa hukatwa. Katika somo la mwezi huu twataka tuulizane: ni nini kinachokatwa pamoja na minyaa hiyo?

Huko Ulaya watu wanatumia fedha nyingi kurudisha mimea kwenye kuta za miji yao. Mfaransa Patrick Blanc amesifika kwa kazi hiyo. Jumba la makumbusho la Quai Branly, lililofunguliwa Paris mwaka 2006, lina ukuta wake uliofunikwa na mimea toka chini hadi juu. Mimea ile haikuoteshwa kwenye udongo. Mizizi yake hushika kitambaa, na maji yenye mbolea huletwa kwa mabomba. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kwetu, ambako wakati wa kiangazi kina mama hupanga ndoo zao kisimani tangu alfajiri, ni nani atakayeunywesha ukuta?

Wazee wa Usukuma walikuwa na ukuta ulio hai usiohitaji ndoo hata moja. Mnyaa hauna majani ya kutajika. Hujitengenezea chakula kwa vijiti vyake vya kijani, na kwa sababu hiyo haupotezi maji mengi juani. Ng'ombe na mbuzi hawaugusi kwa ajili ya utomvu wake mkali. Ukichomeka kipande ardhini, huota. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwatoa wanachuo darasani kwenda kuutazama, maana kitabu hakikuweza kueleza vizuri kama mmea wenyewe.

Sasa tuangalie wakazi wake. Tetere hujenga ndani yake, kwa kuwa paka huogopa kupenya. Shore hulala humo. Maua yake madogo ya manjano huvuta nyuki na wadudu wengine, na wadudu nao huvuta mijusi na vinyonga. Mahali ambapo mtambaazi wenye maua umepanda juu ya minyaa, utamwona chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Boma moja ni dogo, ni kweli. Lakini maboma yakifuatana toka kiwanja hadi kiwanja, huwa njia ya viumbe kupita katikati ya mji bila kukatizwa.

Kwamba viumbe hurudi wakipewa mahali, ushahidi tunao. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mradi huo uliamsha upya desturi ya ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Baada ya miaka kama 15 hivi, ngitili zilizorudishwa zilizidi hekta 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu humo aina 145 za ndege. Ndege hao hawakuletwa na gari la mradi. Walikuja wenyewe.

Wapo wasemao kwamba boma la minyaa huleta nyoka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na nafaka iliyomwagika. Basi chini ya boma pafagiliwe, na matawi ya chini yakatwe. Wengine huogopa mbu. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, hivyo tuanze na makopo na madimbwi. Hatari tunayoiona sisi kuwa kubwa zaidi ni utomvu: ukiingia machoni huunguza vikali na waweza kudhuru uwezo wa kuona. Watoto wakatazwe kuvunja vijiti. Mkataji avae miwani na nguo ya mikono mirefu, na aliyeingiwa na utomvu aoshwe macho kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

Atakaye kupanda, asubiri mvua zikaribie. Akate vipande vyenye urefu wa mkono, aviache kivulini siku chache hadi utomvu ukauke, kisha avichomeke kwa nafasi ya sentimita 30. Katikati aweza kutia mbono, au mchongoma wenye miiba. Asipande lantana kwa ajili ya uzuri wa maua yake; hutapakaa mashambani na huwadhuru ng'ombe wakiila. Na mwenye ukuta wa saruji tayari asiubomoe. Aoteshe bogenvilia au mpasheni upande wa jua la mchana; ukuta uliofunikwa hauhifadhi joto sana, na usiku chumba cha jirani yake hupoa mapema.

Zoezi la mwezi huu: asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, kaa dakika kumi karibu na boma la minyaa, na kesho yake dakika kumi karibu na ukuta mtupu. Andika kila ndege, mdudu na mjusi utakayemwona. Waje na watoto pia, maana macho yao ni mepesi kuliko yetu. Karatasi zikusanywe Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada.