Uvimbe wa Kizazi: Tiba Zisizohitaji Mpasuo Mkubwa

Dada yangu wa Mbeya au Iringa, ukiambiwa una faibroidi, yaani uvimbe wa nyama kwenye kizazi, usiogope kwamba ni saratani. Ni nadra sana kuwa hivyo. Wanawake wengi wanao bila kujua, na usiokusumbua hauhitaji tiba. Baada ya hedhi kukoma, kwa kawaida husinyaa wenyewe.

Nenda hospitali ikiwa hedhi inazidi siku 7, inatoka na mabonge, tumbo linakua, unakojoa mara kwa mara au mimba zinaharibika. Ukijaza pedi kila saa kwa saa 2 mfululizo, au ukipata kizunguzungu, usingoje kesho.

Anza na ultrasaundi na kipimo cha wingi wa damu. Walio Iringa waende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Tosamaganga. Walio Mbeya, kitengo cha wazazi Meta, kilicho chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mwombe daktari aandike ukubwa wa uvimbe na hasa mahali ulipo, kwa sababu hapo ndipo tiba inapoamuliwa.

Uvimbe uliochomoza ndani ya mji wa mimba unaweza kuondolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ukeni, bila kuchanwa tumbo. Ulio juu ya ukuta wa kizazi huweza kutolewa kwa matundu madogo tumboni. Wanaotolewa kwa matundu, wengi hurejea kazini baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mpasuo mkubwa huhitaji kama wiki 6.

Njia ya tatu ni kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani au mkononi, kisha humwaga chembechembe ndogo, kama mkulima wa Mbarali anavyoziba mfereji maji yasifike jarubani. Uvimbe husinyaa kwa miezi kadhaa, na kizazi kinabaki. Unayetaka kuzaa, mweleze daktari mapema; mara nyingi atapendekeza kuutoa uvimbe wenyewe. Kwa tiba hii ya kuziba mishipa ulizia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tangu 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wamekuwa wakifundisha madaktari wa Tanzania tiba za mishipa. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, hivyo omba barua ya rufaa na ubebe majibu yako yote.

Gharama? Omba makisio ya maandishi: vipimo, vifaa, dawa na kitanda. Uliza dirisha la bima kabla ya kukubali tarehe. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuomba msamaha wa gharama. Weka kando nauli na malazi ya ndugu atakayekusindikiza.

Dawa za chupa zinazouzwa stendi kwa ahadi ya “kuyeyusha uvimbe” hazina ushahidi; pesa hiyo ilipie ultrasaundi. Na ukiambiwa kizazi kitolewe, kabla ya kusaini muulize daktari: “Je, wangu unafaa kwa matundu madogo au kwa kuziba mishipa?” Ni haki yako kujibiwa.