Mtunzi, mtunzaji na tuzo katika programu huria

Mtunzi na mtunzaji ni maneno yanayofanana kwa sauti, lakini asili yake ni tofauti. Mtunzi limetokana na tunga: g hugeuka z mbele ya kiambishi -i, kama jenga inavyozaa mjenzi. Mtunzaji limetokana na tunza. Wa kwanza huanzisha kazi. Wa pili huilea.

Kitenzi tunza kina maana mbili. Ni kuangalia kitu kisiharibike, na pia ni kumpa mtu zawadi kwa kazi nzuri. Katika taarabu za pwani, kumtunza mwimbaji ni kumwendea akiwa anaimba na kumpa fedha mbele ya watu. Maana hii ya pili inakutana na kitenzi tuza, kilichotupa nomino tuzo.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Tafsiri yake pia haina mwisho. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na yasipofasiriwa, ukurasa huwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Hata hivyo pongezi za hadharani humfuata zaidi mtunzi. Anayerekebisha tahajia kila mwezi hasikiki.

Mwaka 2021 tuzo moja ilikwenda njia nyingine. Wakfu wa Wikimedia uliitunukia makala ya jumuiya ya Masakhane, iliyotolewa 2020, kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha za Kiafrika. Makala hiyo ilitoa vipimo vya tafsiri kwa lugha zaidi ya 30, na ilionyesha kwamba hata watu wasio na mafunzo rasmi ya fani hiyo wanaweza kuchangia sayansi. Ina waandishi zaidi ya 40, na mbele ya majina yao yote imewekwa alama ya hisabati ∀, yaani "kwa kila". Alama hiyo inasimama kwa niaba ya jumuiya nzima.

Jina lenyewe ni la Kizulu. Ndani yake mna -akh- (jenga), -an- ya kutendana na -e ya dhamira tegemezi. Kwa mofolojia yetu tungesema "tujengane".

Sisi wa Kilibula na Uvira nzima tunahusika vipi? Kivira, Kifuliiru na Kibembe vitahitaji orodha za maneno, sauti zilizorekodiwa na wahakiki wavumilivu. Kazi hiyo tukiitazama kama matabishi, yaani nyongeza ya hisani juu ya bei, nayo itafanywa kwa hisani na kuachwa njiani. Lakini kitivo bado kinapima kazi ya mwisho yenye jina moja kwenye jalada. Napendekeza mwanafunzi aliyehakiki maingizo ya kamusi huria ahesabiwe alama kwa uhakiki huo, na jina lake liandikwe pamoja na la aliyeanzisha.

Zoezi: orodhesha nomino zote unazozijua kutoka tunga, tunza na tuza. Kisha eleza ni zipi kati yake humtaja mtu anayeendeleza kazi ya mwingine, na kama lugha yako ya nyumbani ina neno la mtu huyo.