Soksi, Unyevu na Baridi: Namna ya Kuilinda Miguu ya Mpanda Mlima

Mpagazi anayeondoka katika lango la Machame asubuhi ya mwezi Novemba huanza safari yake kwenye msitu wa mvua, kimo cha takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua za vuli huloanisha njia, maji huingia kwenye viatu kupitia shingo na mishono yake, na jasho la mguu hukamilisha kazi iliyobaki. Jioni hufika kambini akiwa amepanda zaidi ya mita 1,000, mahali ambapo usiku joto hushuka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Iwapo soksi alizovaa ndizo pekee alizo nazo, atalala nazo zikiwa mbichi, na kesho yake atazivaa tena. Hali hiyo huchukuliwa na wengi kuwa usumbufu wa kawaida wa mlimani. Kitabibu, ni mwanzo wa jeraha.

Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, na kila mwaka maelfu ya watu huupanda: watalii, waongozaji, wapishi na wapagazi. Mazungumzo kuhusu usalama wao hujikita zaidi katika ugonjwa wa kimo, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa ugonjwa huo huua. Hata hivyo, mguu ndicho chombo cha kazi cha kila mmoja wao, na soksi ndiyo nguo inayougusa muda wote. Makala haya yanaeleza jinsi baridi na unyevu vinavyoudhuru mguu, sifa za soksi inayofaa, na namna ya kuitumia.

Jinsi baridi na unyevu vinavyofanya kazi

Mwili wa binadamu hutunza kwanza joto la moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani. Baridi inapozidi, mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu husinyaa ili damu yenye joto ibaki katikati ya mwili. Mguu huwa wa kwanza kunyimwa damu, na hivyo kunyimwa joto na oksijeni. Katika kimo kikubwa upungufu wa oksijeni hewani huongeza tatizo hilo.

Unyevu huharakisha upotevu wa joto. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo soksi iliyolowa huunyang'anya mguu joto lake hata pale ambapo baridi si kali sana. Zaidi ya hayo, ngozi iliyoloa kwa muda mrefu hulainika, huvimba na kukunjamana, na msuguano kati yake na kitambaa huongezeka. Hapo ndipo malengelenge hutokea: tabaka la juu la ngozi huvutwa upande mmoja na mfupa upande mwingine, hadi matabaka yakaachana na majimaji yakajaa kati yake.

Majeraha mawili yanayopaswa kutofautishwa

Jeraha la kwanza ni lile la baridi isiyogandisha. Hutokea mguu unapokaa kwenye unyevu na baridi ya kati ya nyuzi 0 na 15 hivi, kwa saa nyingi au siku kadhaa. Lilijulikana sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale maelfu ya askari walioishi ndani ya mahandaki yenye maji huko Ufaransa na Ubelgiji walipoharibika miguu bila kupigwa risasi. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa na jeshi la Uingereza ni kuwaamuru askari wakaguliwe miguu na kubadili soksi mara kwa mara. Tatizo hilo liliwarudia askari wa Uingereza mwaka 1982 katika vita vya visiwa vya Falkland, kwa sababu ileile: viatu vilivyolowa na soksi zisizokauka.

Mwanzoni mguu hufa ganzi na kupoa. Ukishapata joto, huvimba, huwa wa moto na huuma vikali. Wagonjwa wengine hupona kabisa. Wengine hubaki na maumivu, ganzi au mguu usiostahimili baridi kwa miezi au hata miaka, kwa sababu neva zimeharibika.

Jeraha la pili ni la kugandishwa. Hutokea chini ya nyuzi 0, ambapo maji yaliyomo ndani ya nyama huwa barafu. Usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, ambapo joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 hasi, hatari hii ni halisi, hasa kwa vidole. Mguu ulioloa tangu mchana huufikia usiku huo ukiwa tayari umedhoofika.

Kuna jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza na Marekani umeonesha kuwa askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao walio katika mazingira yaleyale. Mishipa yao ya damu ya vidole huelekea kusinyaa zaidi na kuchelewa kufunguka tena. Jambo hili halihusiani na uvivu wala udhaifu, na mazoea ya mlima hayaliondoi. Aidha, mabadiliko ya rangi yanayoelezwa katika vitabu vingi, kama weupe na wekundu, si rahisi kuyaona kwenye ngozi nyeusi. Dalili ya kutegemewa zaidi ni ganzi: mtu asiyehisi anapoguswa kidole chake amekwisha kuonywa.

Sifa za soksi inayofaa

Malighafi ndiyo huamua mengi. Pamba, ambayo ni nguo njema kwa joto la Dar es Salaam, haifai mlimani. Uzi wake hunywa maji, hulala na kushikamana na ngozi, na huchukua muda mrefu kukauka. Sufi ya kondoo ina mawimbi ya asili yanayohifadhi hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisipotee. Huweza kubeba mvuke unaofikia takriban theluthi ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi unyevu, na hata ikilowa hubaki na sehemu ya uwezo wake wa kutunza joto. Sufi laini ya kondoo wa merino haiwashi kama ile ya kawaida.

Sufi peke yake huchakaa upesi kisiginoni na vidoleni. Kwa hiyo soksi nzuri huwa na sufi isiyopungua nusu, ikichanganywa na nailoni kwa ajili ya uimara, na kiasi kidogo cha uzi unaovutika ili isiporomoke. Soksi ya nailoni au poliesta tupu hukauka haraka, na ni bora kuliko ya pamba pale sufi inapokosekana.

Unene hutegemea kazi. Anayetembea na mzigo wa kilo 20 hutoa joto na jasho jingi. Soksi ya unene wa kati humtosha mchana. Mwindaji wa nchi za baridi, au askari wa wanyamapori anayekaa mavizioni bila kusogea, hahitaji kilekile: huyu hutoa jasho akienda, kisha hupoa akisubiri. Soksi nyembamba ya kutembelea na nene ya kubadili anapofika humfaa zaidi kuliko nene moja kwa safari nzima.

Kosa la kawaida ni kuvaa soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana. Kiatu hukaza mishipa ya damu na kuiondoa hewa yote, na mguu hupoa zaidi kuliko kama angevaa moja. Kipimo ni rahisi: akiwa amevaa soksi na kufunga kamba, mvaaji aweze kuchezesha vidole vyote. Kisigino cha soksi kikae juu ya kisigino cha mguu, pasiwepo mkunjo, shingo ya soksi izidi ya kiatu, na mpira wake usiache mfereji mzito kwenye ngozi.

Wapagazi wengi hununua soksi za mitumba, ambazo mara nyingi hazina lebo. Uzi mmoja ukichomolewa na kuchomwa mahali salama hutoa jibu. Sufi huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Pamba huwaka kama karatasi. Nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Matumizi safarini

Soksi bora kuliko zote haisaidii ikiwa haibadilishwi. Jozi tatu zinatosha: moja mguuni, moja inayokaushwa, na moja ya kulalia ambayo haiingii kamwe ndani ya kiatu. Jozi ya kulalia ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Kila jioni miguu ioshwe, ikaushwe hadi katikati ya vidole, na ikaguliwe. Soksi mbichi ikikamuliwa na kuwekwa kifuani chini ya koti au ndani ya mfuko wa kulalia hukauka kwa joto la mwili. Kuifunika miguu kwa mfuko wa plastiki huzuia mvua, lakini hufungia jasho ndani. Njia hiyo ni ya muda mfupi tu.

Sufi hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kuchemshwa, na huanikwa kivulini.

Mguu ukishaumia

Mahali panapowaka moto mguuni pazibwe kwa plasta mara moja, kabla ya lengelenge kutokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lengelenge dogo liachwe bila kutobolewa. Mwenye kisukari asitegemee maumivu kumwonya, kwa kuwa neva zake huenda hazihisi. Amwone daktari kwa jeraha lolote la mguu.

Mguu uliokufa ganzi uvuliwe vilivyolowa, ukaushwe na ufunikwe ili upate joto taratibu. Usisuguliwe, na usiwekwe karibu na jiko au moto, kwa kuwa asiyehisi baridi hahisi pia kuungua. Mguu ulioganda usiyeyushwe ikiwa upo uwezekano wa kuganda tena njiani, kwa sababu kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Mgonjwa ateremshwe na kufikishwa hospitalini. Ganzi au maumivu yanayoendelea baada ya kushuka mlimani yanahitaji uchunguzi, hata kama ngozi inaonekana nzima.

Bei ya jozi tatu za soksi ni ndogo ikilinganishwa na msimu mmoja wa kazi uliopotea kwa sababu ya mguu usioweza kuvaa kiatu. Mwajiri anayekagua mahema na chakula kabla ya safari hana budi kukagua pia soksi za wapagazi wake, na mpagazi naye asione haya kusema kuwa vidole vyake havihisi.