Habari za Vinasaba na Gharama ya Kuvisoma

Wako wengi wanaotuuliza maana ya habari wanazozisikia siku hizi, ya kwamba wataalamu waweza kuvisoma vinasaba vya mtu, na ya kuwa kazi hiyo, iliyokuwa ya gharama kubwa mno, sasa imekuwa rahisi. Wengine huuliza kwa kutaka maarifa tu. Wengine kwa sababu nyumbani mwao mna mtoto mgonjwa. Kwa ajili ya hao wote tumeona vema kulieleza jambo hili kwa taratibu, ili waalimu na wainjilisti wapate kuwaeleza na wengine.

1. Vinasaba ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Karibu kila chembe ina uzi mwembamba sana uitwao DNA, na humo mna maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, ndizo A, C, G na T. Fungu moja twalipokea kwa baba, nalo lina herufi kama bilioni 3. Na fungu la pili twalipokea kwa mama, nalo ni kadiri iyo hiyo.

Umbo la uzi huo lilielezwa mwaka wa 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, nao walisaidiwa sana na kazi ya Rosalind Franklin wa London. Mwaka wa 1977 Frederick Sanger alitoa njia ya kuzisoma herufi zake kwa utaratibu.

2. Gharama ilivyopungua

Kazi ya kuvisoma vinasaba vyote vya mwanadamu ilianzishwa mwaka wa 1990, ikatangazwa kuwa imekwisha mwaka wa 2003, ingawa sehemu ngumu zilizosalia zilimalizika mwaka wa 2022 tu. Ilitumia karibu dola bilioni 2.7. Mwaka wa 2001 kumsoma mtu mmoja kulikadiriwa kuwa dola milioni 100 hivi. Mwisho wa mwaka wa 2015 gharama ilikuwa chini ya dola 1,500, na leo katika maabara kubwa ni dola mia chache.

Sababu yake ni hii: zamani vipande vya uzi vilisomwa vichache vichache. Mitambo ya sasa huukata uzi vipande vidogo, ikavisoma mamilioni kwa wakati mmoja, kisha kompyuta huvipanga. Ni kama kitabu kikubwa kilichogawiwa watu elfu, kila mtu ukurasa wake. Mmoja angekisoma mwaka mzima, lakini hao wakimaliza kwa saa moja.

3. Faida zake

Mwaka wa 2015, Ebola ilipokuwa Guinea, watafiti walichukua huko mtambo mdogo unaotosha kiganjani, wakasoma virusi vya wagonjwa papo hapo, wakajua nani ameambukizwa kutoka wapi. Januari 2020 herufi za kirusi cha korona, zipatazo 30,000, zilitangazwa kwa ulimwengu wote. Na katikati ya Machi mtu wa kwanza alidungwa chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa kuzifuata herufi hizo. Tena waganga wa saratani husoma uvimbe ili wajue dawa ipi itaufaa.

Lakini faida nyingine yatuhusu sisi zaidi. Huko Dallas, Marekani, watafiti walikuta kwamba katika watu weusi kila 100, wawili hivi wana badiliko katika jeni iitwayo PCSK9, na hao wana mafuta machache katika damu na moyo wao hauugui upesi. Kwa maarifa hayo zilitengenezwa dawa, zikaruhusiwa mwaka wa 2015. Basi damu ya watu wa asili ya Afrika imewafundisha waganga wa dunia nzima. Hata hivyo, katika utafiti wa namna hii zaidi ya robo tatu ya watu waliosomwa wametokana na Ulaya.

4. Ugonjwa wa selimundu

Ugonjwa huu, ambao wengi huuita sikoseli, hutoka katika badiliko la herufi moja tu: palipopasa kuwa A pamekuwa T. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui. Tena hupata kinga ya malaria kali, kama Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alivyoonyesha mwaka wa 1954. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia, chembe zake nyekundu hupinda mfano wa mundu, zikaziba njia ya damu, zikamletea maumivu makali. Wazazi wote wawili wakiwa nalo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Hapa yatupasa kusema wazi. Mama wangapi wamefukuzwa katika nyumba zao kwa neno la kwamba wana mkosi, na jirani wangapi wameitwa wachawi! Lakini mtoto hawezi kuwa na herufi mbili kama hizo isipokuwa moja imetoka kwa baba yake. Amlaumuye mkewe ajilaumu naye. Na iliyo haki zaidi, asilaumiwe mtu, maana hakuna aliyejichagulia herufi zake. Bwana wetu naye, alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu kwamba ni dhambi ya nani, hakumtia hatiani mtu huyo wala wazazi wake.

Mwaka wa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu dawa iitwayo Casgevy, ambayo hurekebisha vinasaba katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Basi kusoma kumekuwa rahisi, bali kuponya bado ni ghali. Lakini tusikate tamaa: dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2019 yalionyesha kuwa yapunguza maumivu, malaria na vifo.

5. Ya kuangalia

Kwanza, anayetoa vinasaba vyake hutoa na habari za ndugu zake. Kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe, iliyokuwa na habari za watu wapatao milioni 15, ilifilisika mwaka wa 2025, na wengi wakaogopa habari zao zitauzwa kwa nani. Atakaye damu yako kwa utafiti, muulize itatunzwa wapi, na kwa faida ya nani.

Pili, wachumba watakao kujua habari ya selimundu hawahitaji kusomwa vinasaba vyote. Kipimo kidogo cha damu chatosha. Wapime mapema, kabla mahari haijatolewa, wala majibu yao yasitangazwe mbele za watu.

Maswali ya kuzungumza: (1) Kwa nini mama peke yake hawezi kulaumiwa kwa selimundu ya mtoto? (2) Ni nani katika mtaa wetu aliye na mtoto mgonjwa, naye hajapata msaada wetu?